Dakika za Kurudi

Baba yangu alikuwa na bambo.
Ghalani Mtwara, msimu wa korosho,
hakuuliza gunia ni la nani:
alilichoma juu, ubavuni, chini kabisa,
kwani mdomo wa gunia, alisema, hupambwa.
Kisha akapasua moja moja kwa kisu
na kuandika: nzima ngapi, mbovu ngapi.
Wakulima walimnunia hadi Januari.
Nimesomeshwa kwa manuniko yale.

Mimi nashika saa.
Chumba cha kamera, feni inalalamika,
mgonjwa kalalia ubavu wa kushoto,
tangu jana hajala, kanywa dawa,
kahara mpaka yakatoka maji matupu.
Daktari Namkumba anausukuma mpira,
kona, kona tena, "Bonyeza tumbo, Sista,"
mpaka pale kilipojibanza kidole tumbo.
Wanafunzi wanapumua: tumefika!

Mimi ndipo naanza kuhesabu.
Kurudi ndiko kunakopimwa,
kurudi kama mtu atafutaye sindano mkekani,
nyuma ya kila kunjo, osha, tazama, osha,
dakika sita, zisipungue.

Ijumaa ile zilikuwa tatu na nusu.
Umeme ulikatika mara mbili, foleni imefika ngazini.
"Andika sita, Somoe."
Alisema bila ukali, kama anayeomba chumvi.

Niliandika tatu na nusu.

Bi Esha Nantende wa Nanguruwe akaamka, akauliza.
"Hakuna kitu, mama," daktari akamjibu,
naye akacheka, akafunga kanga yake upya.
Kuna hakuna,
na kuna hakikuonekana.
Nilimmiminia chai. Sikusema.

Mwisho wa mwezi karatasi ikabandikwa ukutani.
Namkumba: katika wagonjwa mia, kafika mwisho kwa tisini na watatu.
Waliokutwa na vinyama: wanane.
Chumba cha pili, foleni ileile, dawa ileile,
ishirini na mmoja.
Alisimama pale na kikombe mkononi
mpaka chai ikafanya utando.
Nilingoja anifokee.
"Yule mama wa Nanguruwe," akasema,
"namba yake unayo?"

Napiga. Inaita, inaita.
Anapokea mjukuu: bibi yuko shambani anaokota korosho,
simu kaiacha juu ya kabati,
nimwambie nini?

Mwambie arudi.
Mwambie asiogope.
Mwambie hatukumaliza kutazama.