Kaa wa Uzi

Nimeinua mguu wa cherehani, nikaushusha
juu ya shingo ya ndoano. Imeshikwa.
Suruali ya kaki ya mtoto wa Mnyambwa isubiri;
shule zinafunguliwa Jumatatu, leo Alhamisi,
na shemeji yangu Chibago yuko kizingitini, anacheka:
“Kambale wa Hombolo aongopewe na fundi wa kaptula?”

Simjibu. Mdomoni nina uzi.

Ndani ya kopo la rangi, kando ya mguu wangu,
yuko kaa mwenyewe, wa kweli.
Wendo alimtoa jana chini ya jiwe korongoni,
akaja naye mbio, kidole kinavuja damu, anajivuna.
Usiku kucha alikwaruza bati.
Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mteja
anayeeleza gauni asilolijua jina.

Mgongo wake si mweusi.
Ni rangi ya udongo wetu ukilowa mara ya kwanza, Desemba,
na pembeni, ukimgeuzia jua,
kuna wekundu wa maganda ya zabibu yaliyokamuliwa.
Basi uzi wa kaki nimeuchemsha na maganda hayo,
nikauanika kwenye ua wa minyaa.
Jirani akauliza napika nini. Nikamwambia, kaa.
Akaenda kutangaza.

Kwanza waya wa shaba, wa dinamo iliyoungua,
mizunguko kumi na miwili, apate uzito wa kuzama.
Nta ya nyuki, uzi usiteleze.
Ndevu za beberu (mwenyewe hakuridhia,
goti langu bado linauma).
Gamba ni tyubu ya pikipiki. Miguu ni unyoya wa kanga
uliochanwa upande mmoja.
Macho: shanga mbili za mama,
za ule mkufu uliokatika siku ya msiba wake.
Niliziokota chini ya kitanda, nikazifunga kwenye leso,
miaka tisa, nikidhani nazitunzia jambo kubwa.

Wa kwanza alitoka buibui.
Wa pili alielea chali kwenye karai kama mlevi wa gongo.
Wa tatu nilimhesabia miguu, nikamkaza kila pingili,
akawa mzuri mno, mkavu,
kama sura ya mtu kwenye kitambulisho.
Maji hayakumtaka.

Nikarudi kwenye kopo. Nikagonga ukingo kwa kijiti.
Hakukimbia. Alirudi nyuma nusu hatua,
akakalia makalio yake,
akainua magando yote mawili
kana kwamba dunia nzima ni kidole cha Wendo.

Watu wa pwani wana msemo:
kaa akiinua gando, mambo yamekatika.
Sisi huku tuliupokea pamoja na khanga,
tukautumia kwenye kesi za mipaka na mahari,
bila kumwona kaa.
Leo nimemwona.
Kumbe nilifunga miguu, gamba, macho,
nikasahau kumfunga na woga wake.

Nikafumua.
Waya ule ule, ndevu zile zile,
ila magando nimeyaelekeza juu, wazi, yanatetemeka ukipuliza.
Fundo la mwisho nikalikata kwa meno.

Kisha, sijui kwa nini, nikamshusha kwenye kopo,
taratibu, kwa ncha ya uzi.
Wa kweli akamtazama.
Akarudi nyuma nusu hatua.
Akainua gando.

Chibago akaacha kucheka.

Amerudi usiku, mshipi umekatika.
Anasema ni kambale, urefu wa mtoto wa darasa la pili.
Mimi nasema kisiki.
Tumebishana hadi ugali ukapoa, na hatutajua.

Wendo amemrudisha mwenzake chini ya jiwe lile,
mara hii kwa kijiko.
Mahali fulani ndani ya bwawa, kwenye tope,
kuna kiumbe cha kaki chenye macho ya mama,
mikono juu, hakubali.

Nami nimekaa.
Suruali ya mtoto wa Mnyambwa bado haina pindo,
na uzi wa kaki, nikipima kwa jicho,
hautafika mguu wa pili.