Beseni la Bluu

Kila Alhamisi saa nne, ukumbi wa kanisa pale Burslem
hunuka karoti za kuchemsha na makoti yenye unyevu.
Hita moja inafanya kazi; ya pili tunaisifu ili isikasirike.
Naweka mabeseni matatu sakafuni,
mawili ya bluu, na la njano lenye ufa juu ya mstari wa maji,
napima joto kwa kiwiko, kama maji ya mtoto.

Kazi yangu ni kucha.
Si kwaya, si mahubiri: kucha.
Kucha za wazee ambao migongo imewakatalia kuinama,
ambao vidole vyao vya miguu vimekuwa ng'ambo,
nchi wanayoiona lakini hawaifiki.

Bwana Clifford ana alama ya samawati kifundoni,
makaa yaliyoingia chini ya ngozi
siku dari ya mgodi ilipowashukia.
"Usisugue," huniambia. "Hiyo haitoki. Hiyo ni saini."
Bibi Doreen alichora maua kwenye visahani miaka arobaini.
Huja na miguu aliyokwisha kuiosha nyumbani na kuipaka poda,
kama mtu anayefagia uwanja kabla mgeni hajabisha hodi.
Namwosha tena. Hatusemi kitu.

Na Kieran, anayelala nyuma ya stendi ya mabasi, Hanley:
wiki tatu alikaa na viatu vyake,
akanywa chai, akala biskuti, akayatazama mabeseni
jinsi unavyomtazama mbwa usiyemjua.
Wiki ya nne alifungua kamba moja.
Nikajifanya natafuta taulo.

Harufu ile sitaisimulia.
Nitasema tu kwamba niliomba, na ombi lilikuwa fupi:
Bwana, niziba pua.
Sikuzibwa. Nikaendelea.

Usiniulize kama nawapenda.
Asubuhi nyingine natoka zamu ya usiku, ghala la vifurushi,
magoti yanalia kama bawaba,
na upendo ninao kama salio la simu:
limebaki la kubipu tu.
Basi nabipu. Nachemsha maji.
Nimegundua Mungu hupiga mwenyewe.

Alhamisi Kuu, kasisi Rowena alijifunga taulo kiunoni,
akaweka kiti kimoja mbele ya beseni la bluu,
akaita, "Neli"
(Naelijwa limewashinda, nimewasamehe),
"njoo ukae."

Mimi?
Nikakumbuka kisigino kilichopasuka kama shamba la kiangazi,
soksi yenye tundu, dole gumba likichungulia,
kucha nilizozisahau tangu Krismasi,
mimi, mkata kucha.
Nikasema sufuria inaungua.
Hapakuwa na sufuria.

Ni Kieran aliyesogeza kiti.
Hakusema neno la kuandikwa ukutani. Alisema, "Maji yanapoa."
Kisha akanipa mgongo,
akajifanya anatafuta taulo.

Nikakaa.
Miaka sita nimetazama chini katika ukumbi ule;
siku hiyo ndipo nilipoiona dari yake:
doa la unyevu lenye umbo la jani la mgomba,
na taa moja inayopepesa, isiyokubali kuzimika.
Kumbe hiki ndicho wanachokitazama, nikawaza,
wakati mimi nimeinama.
Mikono ya kasisi ilitetemeka kidogo. Hakuwa na mazoea.
Nilitaka kumwelekeza. Nikanyamaza.
Kunyamaza kule ndiko kulikonichosha kuliko zamu ya usiku.

Leo ni Alhamisi tena. Hita ya pili imewaka,
hatujui kwa nini, wala hatuulizi.
Nimemweleza Bibi Doreen habari za lile jani.
"Jani?" akacheka. "Mimi siku zote naona ua
lililomwagikiwa rangi."
Clifford akainua macho, akalichunguza kwa muda mrefu.
"Ni maji," akasema. "Aitwe fundi."

Natia kiwiko. Bado kidogo.
Mlangoni kuna mtu simjui, kofia mkononi,
anaangalia sakafu.
Kiti kiko wazi.