Duluth, Chumba Namba Nne

Ombi la kuasili limekataliwa. Taarifa
haikumfikia baba: jina lake lilikosewa herufi moja.
Sasa hakimu ana swali jingine:
mtoto alale kwa nani leo?

Solveig ameleta daftari: chanjo, homa,
jino la kwanza, alilolimeza na uji.
Leland, baba, ameleta kofia ya sufu
ya mtoto wa miaka miwili. Wake ana mitano.

Uchungu wa mwana…
Hakimu anafunua faili.
Ukurasa wa aujuaye haumo.

Nje theluji imeziba ngazi.
Leland anamvika kofia: inakomea utosini.
Mtoto anacheka. Solveig, bila kuambiwa,
anapiga magoti, anamwonyesha Leland
kiatu cha kushoto kinavyofungwa:
mara mbili, la sivyo hulia.