Kisiwa kwa Chaki

Umeme umekatika Katindo, nachora kwa mwanga wa koroboi
juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cheusi
ambacho kesho kitakuwa suruali ya mwalimu Paluku.
Hapa Goma, nasema. Naweka nukta kubwa kuliko inavyostahili,
maana kila mtu huupa mji wake nukta kubwa.
Kisha nateremka kusini, polepole, kama ninayepima paja,
na Idjwi inatokea: ndefu, imepinda kiunoni,
kama samaki aliyebadili mawazo.

"Siku nne," nasema.
"Tatu," anasema Nabintu, macho yako kwenye mchele anaochambua.
Yeye ndiye waziri wa fedha. Hazina iko ndani ya kopo la maziwa ya unga
nyuma ya ndoo, na hata panya wanajua hawana kibali.

Nauli ya boti kutoka Kituku, watu watano.
Akonkwa anadai alipiwe nusu. Ana miaka kumi na mitatu
na ndevu tatu alizozihesabu mwenyewe.
Ansima anataka kujua kama kule simu inashika.
Cito, wa mwisho, anauliza kama kisiwa kinaelea,
na kama kinaelea, nani alikifunga kamba.
Hakuna anayemjibu. Swali linabaki mezani
pamoja na makasi.

Mimi nataka mambo ya zamani.
Nimeyaandika kwenye kaye ya vipimo, kati ya viuno vya watu:
kanisa la matofali ambalo kengele yake, eti,
ilivushwa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja;
kilima zilikolala ngoma za mwami;
mistari ya kahawa ya wakati wa Wabelgiji,
iliyopandwa chini ya kiboko
na leo inachumwa na wajukuu kwa bei ya kubembeleza.

"Papa," anasema Akonkwa, "tulipe boti twende kutazama mawe?
Mawe si yamejaa hapa mlangoni?"

Kweli. Nyumba yetu imekaa juu ya mawe meusi ya mlima.
Tuliyasawazisha kwa nyundo, misimu miwili ya mvua.
Wengine huifuata historia kwa tiketi.
Sisi ilituingilia jikoni, ingali moto.

Nabintu anaweka ungo chini.
"Mimi sitaki kanisa, sitaki ngoma.
Hili ziwa nimelivuka mara moja tu, nikiwa tumboni mwa mama.
Sikuona kitu.
Nataka kukaa kwenye ngazi ya nyumba ya mjomba,
nile nanasi mpaka midomo iwashe,
na mtu mwingine apike."

Koroboi linatema moshi.
Miaka kumi na sita nashona nguo za wengine, na yake nazijua kwa mkono bila futi,
lakini hili sikuwa nimelipima.

Nafuta ngoma kwa kidole gumba.
Nafuta kanisa, nabakiza kengele kidogo, kwa ajili yangu.
Kwenye ncha ya kusini naweka nukta,
nairudia, naikoleza, hadi inaizidi ile ya Goma.
"Siku nne," nasema tena, na safari hii
waziri hasemi neno.
Anaongeza tu, akirudi kwa mchele:
boti ya asubuhi, isiyojazwa kama gunia la makala,
na kila mtoto na jaketi lake la kuelea.
Hapo hakuna kupatana bei.

Asubuhi napangusa kitambaa, nakata, nashona.
Mwalimu ana haraka, ana harusi Jumamosi.
Ila kwenye pindo la mguu wa kushoto, kwa ndani,
chaki haikutoka yote, nami sikuipangusa tena.
Atacheza na ncha ya kusini karibu na soksi,
mwalimu wa jiografia, bila kujua.

Alilipa taslimu. Nikaenda nyuma ya ndoo.