Stadi ya Tatu

Ilikatika bila ukelele.
Tk, kama jino kwenye mkate mkavu,
na spana ikabaki mkononi mwa Impi
imeuma nati, na ndani ya nati
nusu ya kitu alichokuwa akikifungua.

Huku Kemi barabara hulishwa chumvi
tangu Novemba mpaka barafu ya ghuba ipasuke.
Miaka thelathini na minne Saab hii imeilamba,
na kilichosalia pale, bomba la ekzosi linapokutana na injini,
si chuma tena, wala hakijawa udongo.

Oiva wa jirani kasimama mlangoni na kikombe.
"Toboa," asema. "Toboa, ukate nyuzi mpya."
Impi hamjibu. Silinda hedi ni aluminiamu.
Drili ikiteleza unywele mmoja
itamwacha mgumu, itamla mlaini,
kama ifanyavyo dunia.

Amepika shuleni miaka ishirini na sita,
uji wa shayiri, sufuria za lita mia.
Kilichogandia chini hakitaki nguvu:
kinataka moto, halafu kinataka
umpe mgongo kidogo.

Anachomelea nati juu ya kisiki.
Inabanduka.
Anachomelea tena. Inabanduka, inabingirika chini ya gari,
naye analala kifudifudi kuifuata, anatukana kwa adabu.
Ya tatu inashika. Anaitazama ikipoa:
rangi ya karoti, rangi ya kiazisukari, kijivu.
Kabla haijapoa kabisa anaisugua kipande cha mshumaa
kilichobaki Krismasi,
na nta inanyonywa, inazama
mahali mafuta ya dukani, makopo mawili,
yalipopigwa marufuku.

Sasa spana. Anakaza kwanza,
ndiyo, anakaza, Oiva anaguna,
kisha analegeza. Robo huku, robo kule.
Kutu ni mpangaji asiyelipa kodi:
ukimpigia kelele anajifungia ndani,
ukimbembeleza huanza kukusanya vyombo.

Kiii. Mlango wa sauna ya zamani.
Oiva kaacha kunywa.

Inatoka nzima, kiuno chembamba kama cha nyigu,
ingali moto. Anaiweka juu ya gazeti
na gazeti linaungua duara dogo
katikati ya utabiri wa hali ya hewa.

Kuna ya nne.
Impi anaitazama. Ya nne inamtazama.

"Oiva," asema, "hicho kikombe kina kahawa,
au ulikuja nacho kupamba mlango?"