Kamba Wawili wa Edisto

Juu ya paa la moteli kuna kamba wa neoni,
mwekundu, mrefu kama lori la samaki;
masharubu yake huwaka, huzimika, huwaka
tangu baba yake Bwana Hutto akiwa hai.
Ufukweni kuna kamba ya pili, ya rangi ya chungwa,
imezungushwa kwenye vigingi vinne,
na katikati hamna kitu, ungedhani. Mchanga.

Bi Lurline Grimball, dereva mstaafu wa basi la shule,
ndiye aliyeifunga, Juni, alfajiri, magoti yakimlia.
Chini: mayai mia na kumi na saba.
Moja alilitoa, ganda likaenda maabara
kumtambua mama. Jibu likarudi:
kasa huyu alitaga hapa miaka mitatu nyuma,
na mitatu kabla ya hiyo, na kabla.
"Sasa mgeni nani?" akaniuliza Bi Lurline,
mimi wa mapokezi ya usiku, wa sanduku moja.
Kwetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji akirudi apite wapi, hatukusema.

Julai nzima tulifukia mashimo ya watoto wa watalii.
Tavares aligonga milango: zimeni taa za baraza, tafadhali.
Wengi walizima. Mmoja alizima,
akawasha tulipokata kona.
Bwana Hutto alisema kamba wake ndiye anayelipa mishahara,
wangu ukiwamo.

Usiku wa hamsini na saba mchanga ukabonyea
kama mto uliolaliwa.
Saa nne na robo simu ya mapokezi ikalia.
"Wanakuja kwako," alisema Bi Lurline. Basi.

Nikachungulia: weusi, wadogo kama vifuniko vya chupa,
wanavuka barabara kumfuata kamba
kwa imani yote ya siku yao ya kwanza.

Swichi iko nyuma ya mashine ya barafu.
Sikuomba ruhusa.
Giza likashuka juu ya paa, na ng'ambo yake,
polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu,
bahari ikaanza kung'aa.

Tuliwaokota kumi na watatu kwenye maegesho,
kwa ndoo ya barafu, kavu, yenye mchanga kiganja.
Waliobaki waligeuka wenyewe.

Asubuhi Bwana Hutto alinikata saa mbili za mshahara.
Kisha akasimama nyuma ya mashine, kimya kirefu,
akaondoka bila kugusa kitu.
Kamba wake alilala mpaka Novemba.