Kusuka Mota, Kibaigwa

Zamani nilisuka nywele, mabutu na twende kilioni,
pale nyuma ya soko la mahindi, jero kwa kichwa cha mtoto.
Siku hizi nasuka mota.
Vidole ni vilevile. Kichwa ndicho kimebadilika:
hiki ni cha chuma, hakilii ukivuta.

Jumatatu Meshaki Chilongani alileta ya mashine yake ya kusaga
juu ya mkokoteni, imefunikwa kanga kama mgonjwa.
Nilifungua kifuniko, harufu ikanijibu kabla ya macho:
vanishi iliyoungua,
kama karanga zilizosahauliwa jikoni.
"Imekufa?"
Imeungua, nikamwambia. Kufa ni kitu kingine.

Nikakata shaba nyeusi, nikahesabu mizunguko ya aliyenitangulia:
kila mfereji arobaini na nane,
mmoja arobaini na sita.
Ewe fundi, popote ulipo,
nani alikuita ukiwa katikati ya hesabu?

Yudita wangu, wa darasa la sita, amefunga kamba
kwenye sumaku ya spika iliyopasuka,
anaiburuta uani kama mbuzi mkaidi.
Inarudi na ndevu za mchanga mweusi.
Mwalimu amemwambia sumaku na umeme ni ndugu.
Ndugu gani, anataka kujua,
wa baba mmoja au wa mama mmoja?

Namwonyesha. Msumari, waya, betri ya redio.
Unganisha: pini zinaurukia.
Kata: zinaanguka, zimesahau kila kitu.
Umeme ukitembea, mwanangu, sumaku humzunguka
kama vumbi na mchunga ng'ombe wa Bahi.
Na sumaku nayo ikipita karibu na shaba,
umeme huamka.

Kule Mtera maji yanasukuma sumaku,
shaba inashtuka, mshtuko unapanda nguzo,
unavuka vichaka vya miiba na mashamba ya uwele,
unashuka hapa, unaingia shaba niliyoisuka mimi,
shaba inakuwa sumaku, sumaku inazungusha chuma:
mto unasaga mahindi ya Kibaigwa
na hakuna aliyelowa.

Lakini kati ya stata na rota kuna hewa, nyembamba kama ukucha.
Hapo ndipo paninyimapo usingizi.
Hakuna mkanda, hakuna jino, hakuna mkono.
Nguvu yote inavuka hapo, na hakuna kinachogusana.
Sumaku inazunguka mbele, rota inafuata,
inafuata, haifiki.
Ikifika tu, mvuto unakwisha.
(Baba Yudita yuko Mererani, mwaka wa tatu huu.
Hupiga simu.)

Alhamisi vanishi imekauka, tumefunga.
Akina mama na madebe yao wako kwenye foleni tangu alfajiri.
Meshaki akavuta swichi. Mota ikaunguruma vizuri,
puli ikazunguka
kinyume.
Unga haukutoka. Kicheko kilitoka.
"Amesuka kinyumenyume huyu! Rudi kwenye mabutu!"

Sikujibu. Nikazima. Nyaya ziko tatu:
nikabadilishana mbili mahali, ya tatu nikaiacha ilale.
Nikawasha.
Mahindi yakaanza kelele zake, unga ukashuka wa moto,
ukamtia Meshaki mvi kabla ya wakati wake,
na yule wa mabutu akasogeza debe mbele
kama si yeye.

Nusu ya pesa atalipa mwezi ujao, akipata.
Nusu nyingine ni debe la dona.
Usiku, ugali na mlenda. Yudita anageuza tonge taani.
"Mama, humu nako kuna sumaku?"
Kula, nikasema, ugali unapoa.
Halafu nikalitazama langu.